Maswali ya Wasomaji: Umeme Mkubwa wa Kiwanda, Uombe Kiasi Gani na Nani Alipie Laini?

Barua za mwezi huu zimetoka Shimanzi, Changamwe, Jomvu, Mariakani na Nyali, na karibu zote zinauliza jambo moja: anayetaka umeme mwingi kuliko wa nyumba anaunganishwaje na gridi, kwa gharama ya nani, na kwa zamu gani. Tumejibu kwa tarakimu kila ilipowezekana, maana ombi la namna hii huharibika kwenye hesabu kabla halijafika ofisini.

Assalaam aleikum wahariri. Najenga mtambo wa barafu na vyumba baridi vya samaki hapa Shimanzi. Nina kompresa tatu za kW 110 kila moja, pampu na feni za kW 60, na taa, ofisi na mashine ya kupakia za kW 30. Fundi amenishauri niombe kVA 1,000 (kVA ni kipimo cha umeme wote unaovutwa, unaofanya kazi na usiofanya) ili nisirudi tena baadaye. Makisio ya gharama yaliyoletwa yamenishtua. Naweza kupunguza bila kujinyima?
*Mwenye samaki, Shimanzi*

Waaleikum salaam. Unaweza, na kwa kiasi kikubwa. Jumla ya mashine zako ni kW 420. Fundi amejumlisha vibao vya mashine, akaongeza cha tahadhari, kisha akaiongezea tahadhari yenyewe. Lakini mhandisi wa kampuni ya umeme hajui hayo. Akiona kVA 1,000 kwenye fomu, anazihesabu zote kama mzigo utakaokuja, na kama laini ya jirani haizibebi, gharama ya kuiongezea nguvu inakuja kwako.

Anza upya hivi. Kompresa za barafu hazifiki mzigo kamili zote kwa dakika moja, na pampu zina zamu zake. Kwa mtambo kama wako, asilimia 75 ya jumla ni makadirio ya haki: kW 315. Sasa tazama pawa fakta, yaani sehemu ya umeme unaouvuta ambayo inafanya kazi kweli. Mota zenyewe, bila msaada, zitakupa 0.85 hivi, na kW 315 ukizigawa kwa 0.85 unapata kVA 371. Funga kapasita, yaani vifaa vinavyozipa mota ule umeme usiofanya kazi (hupimwa kwa kVAr), za kVAr 100 zinazoingia na kutoka kwa hatua, pawa fakta ipande hadi 0.95, na mzigo uleule unakuwa kVA 332. Transfoma ya kVA 500 inaubeba na kubakisha theluthi moja ya nafasi kwa kompresa ya nne. Hiyo ndiyo nafasi ya baadaye aliyoitafuta fundi, na imepatikana kwa nusu ya ombi lake.

Pengine fundi anaogopa mwasho wa mota, na hofu hiyo ina msingi. Mota ya kW 110 ikikimbia kawaida huvuta ampea 185 hivi. Ukiiwasha moja kwa moja huvuta mara sita, takriban ampea 1,100, ambazo ni karibu kVA 800 kwa sekunde kadhaa. Kwenye transfoma ya kVA 500 yenye impidansi (ukinzani wake wa ndani) ya asilimia 5, volti itashuka kwa asilimia 8 ndani ya transfoma peke yake, kabla hujahesabu laini. Kontakta za pampu, yaani swichi zinazoshikwa na sumaku, zinaweza kuachia, na taa za ofisi zitafifia. Dawa si transfoma kubwa zaidi. Washa kwa sta-delta, yaani mota ianze kwa volti ndogo kisha ipewe kamili, mkondo wa mwasho ushuke hadi theluthi, na mshuko wa volti uwe chini ya asilimia 3. Halafu weka taima ili kompresa zisiwashwe pamoja umeme unaporudi baada ya kukatika: ya kwanza mara moja, ya pili baada ya dakika moja, ya tatu baada ya dakika mbili. Taima hizo ni bei ya chini mno zikilinganishwa na tofauti ya makisio.

Barafu pia ni kitu kinachowekeka. Tangu Desemba 2017 wateja wa viwanda Kenya wana bei ya saa za usiku: siku za kazi kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi, Jumamosi kuanzia saa 8 mchana, na Jumapili kutwa. Ukishapita kizingiti ulichowekewa, uniti zinazozidi katika saa hizo hutozwa nusu ya bei. Endesha kompresa tatu usiku na mbili mchana, kisha uyaandike hayo wazi kwenye ombi. Mhandisi anayejua kwamba kilele chako ni saa 8 za usiku anaitazama laini ileile kwa jicho jingine.

Makaratasi ya kupeleka ni orodha ya mashine (kW, idadi, namna ya kuwashwa, saa za kazi), mchoro wa mstari mmoja kutoka kwenye laini hadi ubao mkuu, hati ya kiwanja au mkataba wa kupanga, PIN ya kodi, na ramani yenye alama ya pale unapotaka transfoma ikae. Baada ya ukaguzi wa kiwanja hufanywa uchunguzi wenye maswali matatu: laini inabeba ampea hizo? Volti mwishoni mwa laini itabaki mahali pake? Na mkondo wa hitilafu hautazidi uwezo wa breka? Ndipo makisio huja. Omba yaje yamegawanywa: transfoma, laini mpya, uimarishaji wa laini ya zamani, mita. Ukipewa jumla tu, hujui cha kujadili.

Ombi zuri hukwama zaidi kwenye idhini ya kupitisha laini juu ya viwanja vya watu. Hapa Pwani mwenye hati mara nyingi haishi kwenye kiwanja, na anayeishi hana hati. Anza kumtafuta siku unayopeleka fomu, usingoje makisio.

Siku ya kuwashiwa, baada ya mkandarasi mwenye leseni ya EPRA (mamlaka inayosimamia nishati) kukabidhi cheti chake, fanya jambo moja mwenyewe. Mwambie fundi apime ampea za kila fezi kwa mita ya kubana, kisha mlinganishe na inachoonyesha mita ya bili. Mita za mizigo mikubwa husoma kupitia koili tatu za kupimia. Koili moja ikifungwa kinyume, mita husoma theluthi tu ya matumizi. Utafurahia bili ndogo kwa miezi, kisha utaletewa ya nyuma yote kwa mkupuo.

Tuna kinu cha unga Changamwe. Mwaka jana tulifunga sola ya kW 250 juu ya paa. Uniti zimepungua kweli, lakini ada ya kilele haikushuka, na sasa tunatozwa faini ya pawa fakta ambayo hatukuwa nayo zamani. Aliyetufungia anasema mita ina kasoro. Ni kweli?
*Meneja wa kinu, Changamwe*

Mita yenu haina kasoro. Mlizotuandikia ni kW 400 kwa pawa fakta ya 0.93. Mzigo huo, pamoja na kW 400 za kazi, unahitaji kVAr 158 za kujaza sumaku za mota. Sola ikitoa kW 250 saa 6 mchana, inapunguza kW tu. Gridi inabaki kuwapa kW 150, lakini kVAr ni zilezile 158. Pawa fakta mbele ya mita inakuwa 0.69, na faini huanza chini ya 0.9. Mota hazijabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni sehemu ya mzigo inayoonekana kutoka barabarani.

Kuna tiba mbili, na ya kwanza haina gharama ya vifaa. Inveta nyingi za kiwanda (vifaa vinavyogeuza umeme wa sola uweze kuendesha mashine) zinaweza kutoa kVAr pia, ila hufungwa zikiwa zimewekwa kwenye 1.0. Mwambieni aliyewafungia abadilishe mpangilio huo. Akisema haiwezekani, mwombeni kitabu cha inveta mkitazame pamoja. Ya pili ni kuongeza kapasita za kVAr 110 hivi na kuhamisha koili inayokipa kidhibiti cha kapasita habari. Tunadhani hapo ndipo kosa lilipo: koili ilibaki ikiangalia mota peke yake, inaona 0.93 na kutulia, wakati mita iko juu yake ikiona 0.69. Koili ikae kwenye kebo inayotoka kwa transfoma, kabla sola haijaungana. Kidhibiti nacho kiwe kinachoelewa umeme unaokwenda pande zote mbili, la sivyo Jumapili kinu kikiwa kimefungwa kitaingiza na kutoa kapasita ovyo mpaka kontakta ziungue.

Kama mota zenu zinaendeshwa na vidhibiti vya kasi, msinunue kapasita tupu. Vidhibiti hivyo hutoa hamoniki, yaani mawimbi ya umeme yaliyovurugika, kapasita huzivuta, zinavimba na kupasuka. Nunueni zilizofungwa pamoja na koili za asilimia 7.

Ada ya kilele ni jambo jingine. Hutozwa kwa kVA za juu kabisa za mwezi, na kinachopimwa ni wastani wa kipindi cha dakika 30. Wingu zito likikaa nusu saa mwezi wa Mei kinu kikiwa kinasaga, mmerudi kVA 430, na hizo ndizo zitaandikwa. Ikiwa mliuziwa sola kwa ahadi kwamba ada hii itashuka, ahadi hiyo haikuwa ya haki. Itashuka tu mkiwa na betri, au mkikubali kuzima jozi moja ya mashine wingu linapoingia.

Kila siku jioni taa zetu hapa Jomvu zinapwesa, na karibu yetu kuna karakana inayoyeyusha chuma. Tumlalamikie nani?
*Mama wa nyumba tatu za kupangisha, Jomvu*

Mama, kwanza tofautisha mambo mawili. Taa za mtaa mzima zikipwesa kwa pamoja na kwa mpigo uleule, chanzo ni mzigo mkubwa kwenye laini yenu. Lakini kama nyumbani kwako baadhi ya taa zinafifia huku nyingine zinawaka kupita kiasi, hiyo ni nyutro (waya wa kurudisha umeme) iliyolegea. Zima swichi kuu sasa hivi, piga simu ya dharura ya kampuni ya umeme, na usiwashe friji wala televisheni kabla hawajafika.

Ikiwa ni la kwanza, andika saa kwa wiki moja, omba kampuni ifunge kinasa volti kwa siku 7, na dai nakala ya matokeo. Tanuri la chuma halifai kuwa kwenye transfoma moja na nyumba. Linahitaji transfoma yake, na likiwa kubwa, laini yake tangu kituoni.

Nina kiwanja Mariakani, nataka kVA 1,500 kwa ajili ya kutengeneza mabomba ya plastiki. Naambiwa laini ya kV 11 (msongo wa volti 11,000) imejaa. Lakini jirani aliyekubaliwa kVA 2,000 miaka miwili iliyopita bado ana kichaka. Nasikia nchi nyingine zimebadilisha utaratibu huu. Sisi je?
*Msomaji, Mariakani*

Laini ya kV 11 inayobeba ampea 300 inamudu kVA 5,700 tu. Jirani yako ameshika zaidi ya theluthi ya laini kama hiyo kwa karatasi. Laini yenu imejaa kwenye daftari, na huenda kwenye waya haijajaa.

Huko nje tatizo ni lilelile kwa ukubwa mwingine. Uingereza, foleni ya kuunganishwa ilipita gigawati 700, nyingi zikiwa miradi ya uzalishaji na betri isiyokuwa tayari. Mwezi Aprili 2025 mdhibiti wao aliidhinisha utaratibu mpya: aliye tayari na anayehitajika hutangulia, aliyetangulia kuandika jina bila maandalizi hurudi nyuma. Marekani, kelele inatoka kwa vituo vya data. Sheria ya Texas ya 2025 inamtaka mwenye mzigo wa megawati 75 au zaidi alipe angalau dola 100,000 za uchunguzi, na aseme kama ameomba umeme huohuo mahali pengine jimboni, ili kampuni moja isiandike ombi moja kwenye madirisha kadhaa. Ohio, tangu Julai 2025, vituo vya data vya zaidi ya megawati 25 kwenye mtandao wa kampuni ya umeme ya AEP hulipia angalau asilimia 85 ya kiasi walichoomba, watumie wasitumie, kwa miaka hadi 12. Oktoba 2025 waziri wao wa nishati akamtaka mdhibiti wa shirikisho aandike kanuni moja ya mizigo inayozidi megawati 20.

Hapa kwetu si mambo ya mbali. Mei 2024 ulitangazwa mradi wa Microsoft na G42, kampuni ya Abu Dhabi, wa kituo cha data Olkaria, kuanzia megawati 100 na kulenga kufika gigawati 1, ilhali kilele cha matumizi ya Kenya nzima mwaka 2025 ndiyo kwanza kilivuka megawati 2,300. Na Mombasa ndiko kebo za intaneti za baharini zinakopanda nchi kavu, SEACOM na TEAMS tangu 2009 na nyingine baada yao. Wenye vituo vya data watabisha hodi huku, na nafasi watakayoiomba ndiyo hiyohiyo ya viwanda vya unga, barafu na mabomba.

Rai yetu ni hii. Kibali kiwe na tarehe ya kufa: miezi 12 bila msingi kuchimbwa wala mashine kuagizwa, nafasi irudi kwa umma. Amana ipande kwa hatua, na sehemu yake isirudishwe kwa anayejitoa. Nafasi iliyobaki kwenye kila kituo kidogo itangazwe kila robo mwaka, laini kwa laini, ili mtu ajue kabla hajanunua kiwanja. Kinachojengwa kwa ajili ya mmoja alipie huyo mmoja, na wa pili akija kuunganishwa juu yake amrudishie wa kwanza fungu lake. Bila hilo la mwisho, kila mtu anangoja mwenzake ajenge. Na ambaye hatumii alichokiomba aendelee kukilipia, la sivyo gharama ya laini tupu inamwangukia mama wa Jomvu kwenye bili yake.

Wewe usingoje mabadiliko hayo. Andika barua yenye maombi manne. Moja, kilele halisi cha laini hiyo kwa miezi 12 iliyopita, kwa ampea. Mbili, kiasi kilichogawiwa lakini hakijaunganishwa. Tatu, kama unaweza kupewa kVA 700 mchana na 1,500 kuanzia saa 4 usiku, ukikubali kufungiwa rilei itakayokukata ukizidi. Mabomba hutengenezwa usiku vilevile. Nne, makisio ya kV 33, kwa sababu ampea zilezile 300 kwenye msongo huo hubeba kVA 17,000, na uniti hutozwa bei ya chini kidogo. Lakini jua kwamba kwenye kV 33 transfoma ni yako: mafuta yake, ulinzi wake, na hasara yake ya usiku wakati mashine zimezimwa. Usipojibiwa, peleka malalamiko EPRA kwa maandishi. Usiporidhika na uamuzi wao, Sheria ya Nishati ya 2019 imeweka Mahakama ya Nishati na Petroli kwa rufaa.

Hoteli yetu iko Nyali, mita 200 kutoka baharini. Breka ya laini ya kV 11 inaruka alfajiri karibu kila Machi na Aprili, kisha tatizo linatoweka mvua zikikolea. Transfoma ni mpya. Tutafute nini?
*Mkuu wa mafundi, Nyali*

Tafuta chumvi. Kaskazi nzima upepo unapaka chumvi kwenye vikombe vya kuzuia umeme vya nguzo na vya transfoma, mvua hakuna ya kuiosha. Umande wa alfajiri ukiilowesha, inakuwa njia ya umeme juu ya kikombe. Mvua kubwa ikishaosha, mnadhani tatizo limejitibu. Piga kikombe picha kwa karibu mchana: ukiona mistari myembamba ya kahawia kama mizizi juu ya glezi, umeme umekuwa ukitambaa hapo. Karibu na bahari namna hiyo, agizeni vya milimita 31 za njia ya juu ya kikombe kwa kila kilovolti, yaani angalau milimita 372 kwa vifaa vya kV 12. Vya bara huja vifupi zaidi. Kwa sasa, ombeni laini izimwe siku moja Februari, mvioshe kwa maji baridi safi na kuvikausha.

Mkiwa hapo, tazameni kichupa cha chembechembe za kukausha hewa kwenye tangi la mafuta. Zikiwa zimegeuka kutoka buluu hadi waridi, transfoma mpya inavuta unyevu wa bahari moja kwa moja ndani ya mafuta, na hiyo mvua haitaiosha. Pimeni na ardhi pia. Jiwe la tumbawe ni gumu kupitisha umeme, na fimbo moja ya mita 1.5 iliyopigiliwa kwenye ufa wa jiwe haisaidii kitu. Chimbeni mashimo kadhaa hadi penye unyevu, jazeni udongo wa bentonaiti kuzunguka fimbo, ziungeni kwa waya wa shaba, mkapime upya mwezi wa Februari, wakati jiwe limekauka kabisa. Kipimo cha Mei, baada ya mvua, kitawadanganya.